UZI: Irabu ndogo isiyosikika. Sarufi ya Kipunjabi cha kale na safari ya maneno yake (hukumu, kadhi, wakati, hasimu)

MwanaMakindu (mwenye uzi)

Wakuu salaam.

Uzi huu niliuahidi siku nyingi kule kwenye mjadala wa maneno ya Kiarabu. Ni mrefu, nitaushusha kwa vipande. Mwenye swali aulize tu, asisubiri nimalize.

Mimi nimekulia Makindu. Wasafiri wa barabara ya Mombasa wanaijua gurdwara ya pale, nyumba ya ibada ya Masikh, iliyojengwa 1926 na Makalasinga (ndio hao Masikh) waliofanya kazi kwenye reli. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini na unaletewa chapati na dengu bila kuulizwa kabila wala dini. Nikiwa kidato cha pili nilizoea kwenda pale Jumamosi. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekaa nje kwenye benchi na kijitabu chake cha sala, akaniona nakodolea macho herufi. Akanifundisha zote 35. Baada ya miezi michache nilikuwa nasoma kwa sauti, najisikia nimefika.

Siku moja akanisimamisha. Akaweka ukucha chini ya neno. "Hapa pameandikwa nini?" Nikasema *ghar*, nyumba. Akashuka mistari miwili. "Na hapa?" Nikasema *ghar*. Akatikisa kichwa, akanirudisha juu. Nilipoangalia vizuri nikaona kwamba neno la kwanza lina kijiti kidogo chini ya herufi ya mwisho, na la pili lina mstari uliopinda kando ya herufi hiyo hiyo. ਘਰੁ na ਘਰਿ. Akaniambia: "La kwanza ni nyumba. La pili ni nyumbani."

Wakuu, mtoto wa Kiswahili unaelewa mara moja. Ile -ni yetu ya *nyumbani, shuleni, moyoni*, wao wameifanyia kazi kwa irabu moja fupi ambayo leo hata haitamkwi. Siku hiyo ndiyo nilianza kusoma kweli.

Kwa hiyo neno langu kwenye uzi huu ni moja: Kipunjabi cha kale, kile cha Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masikh, sarufi yake nyingi imekaa kwenye ncha ya neno. Ukiiruka ncha, utaelewa msamiati wote na bado usijue nani kafanya nini.

KisimaChaKale

Nimeweka kiti hapa, mkuu. Swali la mwanzo: unaposema "cha kale" ni cha lini? Na hiyo irabu ilitoka wapi, au waliibuni waandishi?

MwanaMakindu

Swali zuri, mkuu. Guru Granth Sahib ilikusanywa na Guru Arjan, kiongozi wa tano wa Masikh, Bhai Gurdas akiwa mwandishi, ikawekwa Amritsar, kule Punjab, mwaka 1604. Leo ina kurasa 1430. Lakini ndani yake kuna tabaka nyingi: Guru Nanak (1469–1539), mwanzilishi wa dini yao, na warithi wake, pamoja na washairi wa maeneo mengine kama Kabir na Namdev. Tena kuna beti za Sheikh Farid, sufii wa Pakpattan aliyefariki karne ya 13. Si lugha moja iliyonyooka. Kuna Kipunjabi cha magharibi, cha kati, kuna lahaja za Kihindi na kuna Kiajemi. Mimi nashika sehemu ya Kipunjabi.

Irabu haikubuniwa. Ni mabaki. Chukua mkono. Kisanskriti walisema *hastah*. Lugha za kawaida za watu zilizofuata zikalainisha *st* ikawa *tth*, mwisho ukawa *-o*: *hattho*. Baadaye *-o* ikafifia ikawa *-u*: *hatthu*. Guru Nanak anaandika *hathu*. Mpunjabi wa leo anasema *hatth*, mwisho umeyeyuka kabisa. Kwa hiyo ile *-u* ni kivuli cha mwisho wa Kisanskriti, kilichonaswa kwenye maandishi kabla hakijapotea.

Kipunjabi kimeshika ule mkazo wa konsonanti mbili kuliko jirani yake. Mhindi anasema *haath*, Mpunjabi *hatth*. Mhindi *kaam*, Mpunjabi *kamm*, kazi. Mhindi *aankh*, Mpunjabi *akkh*, jicho. Ukitaka kusikia hatua ya kati ya safari ya miaka elfu mbili, kaa sokoni Amritsar usikilize watu wakipatana bei.

BintiAmrit

Habari zenu. Mimi ni Sikh, mzaliwa wa Kisumu. Nimefurahi sana kuuona uzi huu kwa Kiswahili. Nina mambo mawili, ndugu yangu.

La kwanza: wengine wakisoma hapa wasije wakadhani tunatamka *gharu* na *ghari* tunaposali. Kwa desturi hatutamki. Bibi yangu alisoma kila alfajiri miaka yote, na irabu zile fupi za mwisho hukuzisikia mdomoni mwake. Zinaonekana kwa macho, maana inakaa kichwani.

La pili: Kipunjabi cha leo hakijapoteza yote. Nyumbani nikiulizwa dada yuko wapi nasema *ghare*, yuko nyumbani. Akitoka nyumbani, *gharon*. Kitu nilichokifanya kwa mikono yangu ni *hatthin*. Hizo ni nduguze hiyo *-i* yako, zimesalia kwenye maneno ya kila siku tu.

MwanaMakindu

Asante sana, dada. Umenisaidia, na hilo la kutamka ningelisahau.

Sasa tuingie ndani. Nachukua neno mnalolijua wote: hukumu. Lilitoka Kiarabu, likapitia Kiajemi, likafika Punjab kama *hukam*. Ubeti wa pili wa Japji, sala ya asubuhi inayofungua kitabu, unalizungusha neno hilo mwanzo hadi mwisho. (Irabu ndefu naziandika kwa kurudia herufi. Neno lisilo na irabu mwishoni naliacha tupu.)

*hukamii hovani aakaar, hukamu na kahiaa jaaii*
Kwa hukumu maumbo yanakuwa. Hukumu yenyewe haisemeki.

Mstari mmoja, hukumu mbili, miisho miwili. *Hukamii* ni "kwa hukumu", ndiyo njia. *Hukamu* ndiye mwenye sentensi, kiima. Halafu tazama *aakaar*: mwisho ni mtupu, kwa sababu ni wingi. Lingekuwa umbo moja ungeona *aakaaru*. Na kitenzi *hovani* kina *-ni* mwishoni, alama ya wengi. Sisi tunauweka wingi mbele, maumbo yanakuwa. Wao wanauweka nyuma, lakini upatanisho ni ule ule.

Ubeti unaelekea kufunga hivi:

*hukamai andari sabhu ko, baahari hukam na koi*
Ndani ya hukumu yumo kila mmoja, nje ya hukumu hayupo yeyote.

*Hukamai* kwa sababu linafuatwa na *andari*, ndani. *Hukam* tupu kwa sababu limeegemea *baahari*, nje. Kwa hiyo ndani ya ubeti mmoja neno moja la Kiarabu limevaa nguo nne: hukamii, hukamu, hukamai, hukam. Neno geni, lakini limeshazaliwa upya kwenye sarufi ya wenyeji. Nasi tumefanya hivyo hivyo: tumesema *kuhukumu, kuhukumiwa, mahakimu*, na Mwarabu hatatambua nusu yake.

DerevaWaUsiku

Mkuu nimekula pale Makindu mara nyingi sana, Mungu awabariki wale watu. Naomba kuuliza. Makalasinga wote wanaitwa Singh. Nimeambiwa Singh ni simba. Sasa je, *simba* letu si ndilo hilo hilo *singh*? Wahindi wamekuja pwani tangu zamani.

MwanaMakindu

Ndugu yangu Dereva, wengi wanaamini hivyo na sauti zinashawishi kweli. Singh ni simba, hilo ni sahihi: Kisanskriti *simha*, ndiyo pia iliyoko ndani ya jina la Singapore. Jina hilo lilienea kwa Masikh tangu Guru Gobind Singh alipoanzisha Khalsa, jumuiya ya Masikh walioapishwa, kule Anandpur mwaka 1699.

Lakini *simba* letu ni la Kibantu. Mzizi wake umetapakaa hadi bara mbali na pwani, na katika baadhi ya lugha humtaja mnyama mwingine wa porini mwenye sura ya paka, kwa mfano Kichewa. Lingekuwa neno la wafanyabiashara wa Kihindi, lingekaa pwani na kwenye njia za misafara, na lisingekuwa na maana tofauti tofauti namna hiyo. Kufanana kwa sauti pekee hakutoshi. Lazima uonyeshe njia neno lilikopita.

Maneno yenye njia inayoonekana yapo: *laki* (mia elfu), *gari*, *chapati*, *pesa*. Hayo yamevuka bahari kutoka lugha za India. Siwezi kuyaita ya Kipunjabi peke yake, maana Wagujarati na Wakachi walitangulia.

BintiAmrit

Na njia hiyo ina pande mbili. Kwetu tukiongea Kipunjabi tunasema *kisu* na *sufuria*. Nilipokwenda Ludhiana kwa jamaa nikaomba kisu jikoni, shangazi akanitazama tu.

MkaziWaPwani

Assalaam aleykum. Mimi Kiarabu nimekisoma chuoni Lamu, kwa hiyo hapa nina la kuuliza. Umesema hukumu imepitia Kiajemi. Unajuaje kwamba haikufika moja kwa moja kutoka kwa Waarabu?

MwanaMakindu

Waaleykum salaam, sheikh wangu. Tunajua kwa herufi zinazoteleza. Mwajemi hawezi *dhadi* na *dha* nzito za Kiarabu, zote anazifanya *z*. Punjab nayo enzi zile haikuwa na *z* ya asili. Herufi ya *z* leo ni *ja* iliyowekewa nukta chini, na nukta hiyo ilikuja baadaye. Kwa hiyo neno likifika na *z* ya Kiajemi linageuka *j* au *d*. Tazama:

Kiarabu *ridhaa*, Kiswahili *ridhaa, radhi*. Guru Nanak anasema *rajaaii*: mwenye radhi, yaani Mola.
Kiarabu *nadhar*, Kiswahili *nadhari*. Kule *nadari*, na maana yake imepanda: ni jicho la neema la Mungu kwa mja.
Kiarabu *qaadhi*, Kiswahili *kadhi*. Kule *kaadii*.

Sisi tulipokea kwa Waarabu wenyewe, tukaibakiza *dh*. Wao walipokea kwa watawala na makarani wa Kiajemi, *dh* ikaishia njiani. Ukiweka *kadhi* na *kaadii* pamoja unaona bandari mbili za neno moja.

Na hapa nawaletea mistari niipendayo kuliko yote. Ubeti wa 21 wa Japji unauliza dunia iliumbwa saa ngapi, siku gani, majira gani. Jibu:

*vel na paaiiaa pandatii, ji hovai lekhu puraanu*
*vakhatu na paaio kaadiiaa, ji likhani lekhu kuraanu*

Mapandit (wasomi wa Kihindu) hawakuipata saa ile, ingekuwa imeandikwa kwenye Purana (vitabu vyao vya kale). Makadhi hawakuupata wakati ule, wangeuandika kwenye Kurani.

Someni polepole. *Vakhatu* ni *wakati*, Kiarabu kile kile chetu, kimevikwa *-u*. *Vel* ni Kisanskriti, nayo ni wakati, saa. Guru Nanak angeweza kutumia neno moja mara mbili. Badala yake pandit anapewa wakati wa Kisanskriti, kadhi anapewa wakati wa Kiarabu. Kila mmoja anaulizwa kwa lugha ya elimu yake, na wote wawili hawana jibu.

Sasa sarufi. *Vel* ni jina la kike, ndiyo maana halina *-u*. *Vakhatu* ni la kiume. Angalieni kitenzi "kupata": juu ni *paaiiaa*, chini ni *paaio*. Kimebadilika kwa nini? Si kwa sababu ya mapandit na makadhi, hao wote ni wanaume wengi. Kimefuata kile kilichopatwa. Katika wakati uliopita, kitenzi cha Kipunjabi kinapatana na kitendwa, na mtendaji anasogezwa pembeni na kupewa mwisho wa "na fulani": *pandatii*, na mapandit. Ni kama tungesema "saa haikupatwa na mapandit, wakati haukupatwa na makadhi". Hai-, hau-. Hapo ngeli zetu zinatusaidia kuliko sarufi ya lugha nyingine niliyosoma shuleni.

MkaziWaPwani

Subhanallah. Hilo la vel na vakhatu limenikaa. Naomba moja zaidi, *hasimu*. Nimesikia kwenye nyimbo zao za ibada neno *khasam*, na kwetu *khasm* ni adui, mtu mnayeshindana mahakamani. Wanamsifu Mungu kwa neno hilo?

MwanaMakindu

Ndilo lenyewe, sheikh. Kiarabu *khasm*, mpinzani. Kiswahili tumebaki na maana hiyo hiyo: *hasimu, uhasama, mahasimu wawili*. Lakini Waajemi walilitumia pia kwa mwenye mali, bwana. Punjab ikachukua upande huo: *khasam* ni mume, ni mwenye nyumba. Katika beti za Gurū mja ni mke, na Mungu ndiye *khasamu* wake. Neno moja: Mombasa unamkimbia, Amritsar unamngojea mlangoni kwa taa.

KisimaChaKale

Mkuu hapo umenifungua. Ila nina wasiwasi na kanuni yako ya *-u*. Ni kweli kila *-u* ni kiume umoja? Lugha haijawahi kuwa safi hivyo.

MwanaMakindu

Haiko safi. Yapo majina ya kike yenye *-u* ya kwake yenyewe, si alama ya umoja wa kiume. *Jindu*, uhai. *Khaaku*, udongo, vumbi, kutoka Kiajemi. Haya hayaiachi *-u* yakifuatwa na kihusishi. Badala yake inarefuka. Mfano mzuri unatoka kwa Sheikh Farid:

*fariidaa khaaku na nindiiai, khaakuu jedu na koi*
*jiivadiaa pairaa talai, muiaa upari hoi*

Ewe Farid, usiudharau udongo, hakuna wa kufanana na udongo.
Tukiwa hai uko chini ya nyayo, tukifa uko juu yetu.

*Khaaku* mara ya kwanza, kisha *khaakuu* ndefu kwa sababu linafuatwa na *jedu*, "sawa na". Na tazama *jiivadiaa* na *muiaa*: neno moja moja, bila kiunganishi, linabeba "tukiwa hai" na "tukisha kufa". Kiswahili nacho kina *-ki-*, tunaiweza hiyo. Nimejaribu kuitafsiri kwa Kiingereza kwa rafiki, ikanichukua maneno mengi sana na bado ikawa nzito.

(Wapo wataalamu wanaosema beti hizi ni za mrithi wa Farid, Sheikh Ibrahim, aliyeishi zama za Guru Nanak. Masikh na wasomi wengi wanazishika kuwa za Farid mwenyewe.)

BintiAmrit

Huo ubeti ulisomwa tulipomsindikiza babu.

Niongeze jina la mtu anayestahili kutajwa hapa: Profesa Sahib Singh, aliyezaliwa 1892, akafundisha Khalsa College, Amritsar. Ndiye aliyekaa na maandiko akakusanya miisho hii neno kwa neno mpaka akaifanya sarufi. Ufafanuzi wake wa juzuu 10 ulitoka 1962 hadi 1964, na nyumba nyingi za Kisikh zinao. Kabla yake watu walieleza kwa mapokeo, na kila mwalimu alivuta upande wake. Jina lenyewe la Nanak lilikuwa linachanganya.

MwanaMakindu

Kweli kabisa, dada. Wakuu, beti nyingi zinataja jina Nanak. Ukiona *naanaku* yenye *-u*, yeye ndiye mtendaji: *naanaku niichu kahai viichaaru*, Nanak mnyonge anasema alilowaza. Ukiona *naanak* tupu, mara nyingi anajiita mwenyewe, "ewe Nanak". Kama hapa mwanzoni mwa Japji:

*aadi sachu, jugaadi sachu, hai bhii sachu, naanak hosii bhii sachu*
Kweli tangu asili, kweli tangu mwanzo wa nyakati, ni kweli sasa, ewe Nanak, na itakuwa kweli.

Asiyeangalia ncha anaweza kutafsiri kana kwamba Nanak ndiye atakayekuwa kweli, na hapo ameharibu imani ya watu kwa kijiti kimoja. Na hiyo *hosii*, "itakuwa", ina *s* ya wakati ujao wa Kisanskriti, *bhavishyati*. Kipunjabi sanifu leo ni *hovegaa*, *s* imetoka. Lakini ukivuka kwenda magharibi, Multan, wasemaji wa Saraiki bado wanajenga wakati ujao kwa *s*.

DerevaWaUsiku

Mkuu nimerudi. Jana usiku nilisimama Makindu kula, nikakumbuka uzi. Ukutani kuna yale maneno yao ya mwanzo. Sijui kusoma, nikamuomba kijana mmoja anisomee neno kwa neno huku nafuata kwa kidole. Neno la mwisho kabisa alisoma *prasaad*. Lakini nimeuona ule mstari uliopinda, umekaa kabla ya herufi ya mwisho! Sasa hiyo si "neema", ni "kwa neema"?

MwanaMakindu

Ndugu yangu, ndivyo. *Gur prasaadi*, kwa neema ya Guru. Mstari ule unaitwa *sihaari*. Unaandikwa kushoto mwa herufi lakini husomwa baada yake, ndiyo maana umeuona "kabla". Na *gur* umeona halina kijiti chini ya herufi ya mwisho? Ni tupu kwa sababu ni "ya Guru", limeegemea neema.

DerevaWaUsiku

Nimeona. Ila kuna neno la mwanzoni, *sati*, nalo lina huo mstari. Hilo nalo ni "kwa kweli"?

MwanaMakindu

Hapana, na umeuliza vizuri sana. *Sati* limetoka *satya*. Hiyo *-i* ni mabaki ya *-ya*, ni mwili wa neno lenyewe, haikuongezwa. Linalofuata, *naamu*, lina kijiti chini: jina, kiume, umoja. Na *muurati*, umbo, ni la kike lenye *-i* ya kuzaliwa nayo. Ukipita tena, muombe kijana akuonyeshe *akaal* lililo kabla ya *muurati*, uangalie kama lina kijiti, kisha uniambie kwa nini.